UZI: Liu Bao na Dianhong, chai mbili zilizobeba vita vya Wachina wa ng'ambo

#1 MajaniMawili

Wakuu, habari za leo. Chai ya Kichina ikitajwa kwa Kiswahili, mara nyingi mazungumzo hayavuki kupunguza kitambi. Naomba hapa tuzungumze jambo zito zaidi: namna chai mbili, Liu Bao ya mkoa wa Guangxi na Dianhong ya Yunnan, zilivyobaki na vita vya 1937 hadi 1945 ndani yake, vita kama walivyovipitia Wachina waliokuwa ng'ambo.

Ng'ambo yenyewe ni Malaya, Singapore, Java, Siam na visiwa jirani. Wachina wa huko huiita Nanyang, bahari ya kusini. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, watu hawa walianza kuchanga fedha, na Oktoba 1938 wakaunganisha kamati zao Singapore chini ya Tan Kah Kee, tajiri wa mpira mwenye asili ya Fujian. Baada ya fedha wakatoa watu. Mwaka 1939 madereva na mafundi magari wapatao 3,200 walijitolea kwenda kuendesha malori kwenye barabara ya Burma, Yunnan. Zaidi ya 1,000 walifia huko.

Liu Bao ndiyo chai iliyokuwa kwenye mabirika ya Malaya walikotoka wengi wao. Dianhong ilizaliwa Yunnan wakati uleule, na ilizaliwa kwa sababu ya vita hivyo. Moja ilikuwa inakwenda Nanyang, nyingine ilitengenezwa kule ambako watu wa Nanyang walikuwa wanakwenda.

Msimamo wangu ni huu: chai hizi hazihitaji ngano za muuzaji. Anayejua zinavyotengenezwa anaweza kuvisoma vita kwenye jani lenyewe, na anaweza pia kumbaini anayeuza uongo. Karibuni, hasa mnaojua kazi ya kiwandani.

#2 UtingoWaMlima

Asante kwa uzi, mkuu. Nianze na barabara, maana bila barabara chai haieleweki.

Kutoka Kunming hadi Wanding mpakani ni kilomita 959, na ukifika Lashio ndani ya Burma jumla inakuwa 1,146. Silaha na petroli vilishushwa bandarini Rangoon, vikapanda treni hadi Lashio, kisha malori. Kipande kigumu, Xiaguan hadi Wanding, kilichimbwa kuanzia mwisho wa 1937 na kupitika 1938. Waliochimba ni wanavijiji, wengi wao wanawake, wazee na watoto, kwa majembe na vikapu. Mawe ya kushindilia yalichongwa kwa mkono na kuvutwa na kundi zima la watu. Mteremkoni jiwe likiwashinda nguvu, linawapitia walio mbele.

Barabara ilikuwepo, madereva hawakuwepo. Tangazo la Tan Kah Kee la Februari 1939 lilitaka watu wa miaka 20 hadi 40, wenye leseni, wasio walevi. Kundi la kwanza, watu 80, liliondoka Singapore tarehe 18 Februari 1939. Mmoja wa waliokuja baadaye, Li Yuemei wa Penang, alikuwa mwanamke aliyevaa kiume ili apokelewe.

Vilivyoua ni vitu vinavyojulikana na kila dereva wa masafa: breki kuchemka kwenye mteremko mrefu, ukingo wa barabara kumeguka baada ya mvua, malaria ya mabondeni, halafu mabomu. Daraja la Gongguo juu ya mto Mekong lilipigwa tena na tena. Lilipokatika Januari 1941, malori yalivushwa kwa chelezo cha mapipa matupu ya petroli yaliyofungwa pamoja. Daraja la Huitong juu ya Salween lililipuliwa na Wachina wenyewe tarehe 5 Mei 1942 ili Wajapani wasivuke, na hapo kazi ya barabara ile ikakoma.

Kwenda Kunming malori yalibeba silaha. Kurudi yalibeba bidhaa za kuuza nje ili deni la silaha lilipwe: mafuta ya mbegu za tung, bati, madini ya wolframu, na chai.

#3 Mchachusho

Hapo kwenye chai naingia mimi, maana Dianhong ni mfano wa nadra wa chai ambayo tunajua ilianza lini na kwa nini.

Chai nyeusi maarufu ya China ilikuwa ya Qimen, mkoa wa Anhui. Vita vikaziba njia za mashariki. Serikali ilihitaji fedha za kigeni, hivyo ikatafuta chai ya kuuza mahali pengine. Ndipo Feng Shaoqiu, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi Qimen, akatumwa Yunnan. Alifika wilaya ya Shunning mwishoni mwa 1938. Akachuma zaidi ya kilo tano za majani mabichi, chipukizi na majani mawili, akatengeneza sampuli mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, nusu kilo hivi kila moja. (Wachina huiita chai nyekundu ile tunayoiita sisi chai nyeusi. "Dian" ni jina la mkato la Yunnan, "hong" ni nyekundu.) Sampuli zikapelekwa Hong Kong, zikasifiwa. Mwaka 1939 kiwanda kikaanzishwa Shunning na shehena ya kwanza, dan 500, ikatoka kwenda London. Dan ni kipimo cha mzigo wa mti wa begani.

Mashine hazikuwepo, na kuziagiza wakati ule haikuwezekana. Feng akabuni za kienyeji: pipa la mbao la kusokotea linalosukumwa kwa mikono, kikaushio cha kukanyaga kwa mguu, na vikapu vya mianzi vya kukaushia juu ya makaa. Hata vifungashio vilikosekana. Chai ilisafirishwa ndani ya matenga ya mianzi, na ilipofika Hong Kong ndipo ikahamishiwa kwenye makopo ndani ya masanduku ya mbao.

Hatua zenyewe, kwa jani lile kubwa la Yunnan:

Kunyausha kwanza. Jani bichi lina maji asilimia 75 au zaidi, unalitandaza jembamba hadi libaki na 60 hivi. Hali ya hewa ndiyo inayoamua saa, 12 hadi 18 ni kawaida. Kipimo cha mkono: ukilifumbata linabaki limejikunja, na kikonyo kinapinda bila kuvunjika. Lisiponyauka vya kutosha, kwenye kusokota linakatika vipande, utomvu unachuruzika sakafuni na kikombe kinakuwa chepesi. Likizidi kukauka, halisokotiki kabisa.

Kusokota, dakika 60 hadi 90, shinikizo likiongezwa kidogokidogo. Lengo ni kupasua vichembe vya jani ili utomvu ukutane na hewa. Kisha kuchachusha: tandaza sentimita 8 hadi 10 kwenye chumba chenye unyevu mwingi, nyuzi 24 hadi 28, saa tatu hadi tano. Rangi inatoka kijani kwenda shaba, na harufu inageuka kutoka majani mabichi hadi matunda yaliyoiva. Harufu ile ikifika kileleni, usisubiri. Ukichelewa nusu saa unapata chai butu yenye uchachu.

Kukausha mara mbili. Moto mkali kwanza, nyuzi 110 hivi, kuusimamisha mchachusho haraka. Pumzisha jani lipoe. Kisha moto wa taratibu, 85 hadi 90, hadi maji yabaki asilimia 5 au 6. Moto wa kwanza ukiwa dhaifu, jani linaendelea kuchacha ndani ya kikaushio na chai inatoka chachu. Sasa fikiria kulinda nyuzi hizo kwa makaa na kikaushio cha mguu. Kazi ya Shunning ya 1939 naiheshimu kuliko hadithi yoyote ya vita inayoandikwa kwenye vifungashio.

Kilo nne hadi nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja kavu. Sampuli za Feng zinalingana na hesabu hiyo vizuri.

#4 Kericho_Orthodox

Nyongeza kwa wasomaji wa huku kwetu. Jani kubwa la Yunnan ni la jamii ya assamica, jamii ileile ya miche mingi ya Kericho, Nandi, Mufindi na Rungwe. Tofauti iko kiwandani: viwanda vyetu vingi vinasaga jani kuwa punje, Dianhong inaliacha zima na kulisokota. Ndiyo maana chai ya punje hutoa rangi yote ndani ya dakika mbili na Dianhong hutoa polepole.

Na jambo linalowatisha wengi: Dianhong nzuri ikipoa huwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Haijaharibika. Ni kafeini na viasili vya rangi vinavyoshikana maji yakipoa. Ipashe moto, inakuwa safi tena. Chai kali ya Kericho hufanya vilevile. Kikombe kikipoa bila ukungu wowote, shuku kwamba jani lilikuwa dhaifu.

#5 Turungi

Wakuu, swali. Nimesoma mahali kwamba madereva wa Nanyang walikuwa wakipewa Dianhong njiani ili wasisinzie. Ni kweli?

#6 MajaniMawili

@Turungi, usilibebe hilo. Dianhong ya miaka ile ilitengenezwa kuuzwa nje, kila kilo ilikuwa fedha ya kigeni. Kumpa kila dereva chai hiyo kungekuwa kupingana na sababu ya kiwanda kuwepo. Pia Shunning iko kusini ya barabara kuu, na chai ilitolewa milimani kwa misafara ya baghala. Uhusiano wa kweli unatosha: dereva analeta risasi, chai ni sehemu ya malipo ya risasi. Tena njia zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Uingereza iliifunga barabara ya Burma miezi mitatu, Julai hadi Oktoba 1940, kwa shinikizo la Japani. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Japani yakaingia kaskazini mwa Indochina (Vietnam ya leo), na reli ya Kunming hadi Haiphong ikawa haina faida tena kwa biashara hii. Kila njia iliyofungwa ilimaanisha chai kurundikana ghalani.

#7 Ghalani

Niongeze upande wa Liu Bao, maana ndiyo iliyo ndani ya nyumba za Ipoh na Penang, Malaysia, hadi leo.

Liubao ni mji mdogo wilaya ya Cangwu, eneo la Wuzhou. Chai ilishuka kwa mashua: mto Liubao, mto He, mto Xi, hadi Guangzhou na Hong Kong, kisha meli kwenda Nanyang. Mteja mkubwa alikuwa mchimba bati wa bonde la Kinta, Perak. Wenye migodi waliinunua kwa tenga zima, kilo 40 hadi 50 za chai iliyoshindiliwa, na kuipika kwenye pipa kubwa watu wanywe kutwa nzima. Kuchimba bati ni kusimama majini juani. Waliamini inatoa unyevu mwilini na kutuliza tumbo. Ilikuwa rahisi, haikuharibika na joto, na ilivumilia kuchemshwa mara nyingi.

Namna ya zamani, kazi ya nyumbani kwa mkulima: jani linakaangwa kwenye karai kuua ukijani (yaani kulizuia lisichachuke), linasokotwa, linarundikwa usiku kucha likiwa na joto lake, linasokotwa tena, kisha linakaushwa juu ya kuni za msonobari. Hapo ndipo moshi hafifu unapotoka. Mfanyabiashara analichukua, analipika kwa mvuke hadi lilainike, analishindilia ndani ya tenga la mianzi, halafu anasubiri miezi au miaka. Ikikaa vizuri inatoa harufu ambayo wapenzi wa chai hii huiita ya popoo. Watu wa pwani mnaotafuna tambuu mtaielewa mara moja: ubaridi mkavu, utamu kidogo kwa mbali.

Sasa vita. Guangzhou ilianguka tarehe 21 Oktoba 1938 na mdomo wa njia ya mto ukawa mikononi mwa Wajapani. Tarehe 8 Desemba 1941 walitua Kota Bharu, pwani ya Malaya. Hong Kong ikaanguka siku ya Krismasi, Singapore tarehe 15 Februari 1942. Yaani mahali chai inapotoka, inapopita na inapokwenda pote pamefungwa. Wakati huohuo Wachina wa Singapore walikusanywa na kuuawa kwa maelfu, na Wachina wa Malaya wote wakatozwa kwa nguvu dola milioni 50. Waliokuwa wamechangia China waliwindwa, na jamaa za waliokwenda Yunnan walikuwa na sababu ya kuficha karatasi zao zote.

Kwa hiyo kumbukumbu kubwa ya Liu Bao ni pengo. Miaka minne hivi tenga jipya haliingii. Lililopo linachemshwa, majani yanaanikwa, yanachemshwa tena. Hii ni chai inayoruhusu jambo hilo, na ndiyo tofauti yake na chai laini za kijani ambazo maji ya pili tu yanaimaliza ladha.

#8 PopooNaTambuu

@Ghalani umeeleza vizuri mno. Swali la wanunuzi: wenzetu wanaofuata mizigo Guangzhou wanapita soko la chai la Fangcun na kuonyeshwa "Liu Bao ya 1943, ghala la Penang" au "Dianhong ya kwanza ya 1939". Wafanyeje?

#9 Ghalani

Wasinunue. Lakini wajue kwa nini.

Tenga la 1943 lingelazimika kuvuka njia ambayo nimeeleza ilikuwa imefungwa pande zote. Hoja hiyo peke yake inatosha.

Ya pili ni utengenezaji. Kurundika kwa maji kiwandani, yaani kulowesha chai na kuipanga rundo la karibu mita moja, kuiacha ipande hadi nyuzi 50 au zaidi na kuigeuzageuza kwa wiki kadhaa, kulianza Wuzhou mwishoni mwa miaka ya 1950. Tazama majani baada ya kunywa. Ya rundo la maji ni meusi au kahawia nzito, mengine magumu kama yameungua, ni yale yaliyokaa katikati ya rundo lilipozidi joto. Ya mkulima wa zamani ni ya kahawia isiyolingana, yananyumbulika ukiyavuta. Mtu akikupa majani ya rundo la maji na kukuambia 1940, jani lenyewe limemkana.

Ya tatu ni karatasi. Shunning ilibadilishwa jina kuwa Fengqing mwaka 1954, kwa hiyo kopo la "Fengqing 1939" halikuwepo. Alama ya kampuni ya chai ya taifa, herufi nane za "Zhong" zinazozunguka herufi ya chai, ni ya 1951. Herufi za Kichina zilizorahisishwa zilianza kutumika rasmi 1956. Kwa pu'er (chai nyingine ya Yunnan) iliyoivishwa kiwandani mpaka ni 1973, kabla ya hapo haikuwepo.

Tena, Dianhong ya 1939 hata ingepatikana isingekuwa na kitu kikombeni. Chai nyeusi ya jani zima huwa bora miaka miwili au mitatu ya kwanza, baadaye inapoteza harufu na kubaki na utamu mdogo wa mbao. Liu Bao hukomaa, Dianhong huzeeka. Muuzaji anayechanganya tabia hizo mbili haijui bidhaa yake.

#10 Mchachusho

Kuhusu kupika, maana nimeona watu wakiitendea Liu Bao kama chai ya kijani.

Liu Bao: maji yanayochemka kabisa. Gramu 6 kwa bakuli dogo lenye kifuniko la mililita 120. Mimina ya kwanza, sekunde 10, imwage, inaondoa vumbi na kulegeza jani. Kisha sekunde 10, 10, 15, na kuendelea, mara nane au zaidi. Ikichoka ihamishie sufuriani na lita moja ya maji, dakika 15 moto mdogo. Kwa namna ya mgodini, gramu 8 hadi 10 kwa lita tangu mwanzo, inywewe ya moto au ya baridi.

Ikitoa harufu ya godoro lenye unyevu, tatizo ni ghala. Ivunjevunje, itandaze mahali penye hewa kavu bila jua wiki mbili, kisha ijaribu tena.

Dianhong: gramu 3 kwa mililita 150, nyuzi 90 hadi 95, dakika 3. Ya kupimia ubora ni dakika 5. Kwa chai ya maziwa tumia gramu 5 kwa mililita 250, na maziwa yaingie mwisho. Ukiichemsha na maziwa kama tunavyopika chai yetu, harufu inapotea na unabaki na ukali. Fedha yako itakuwa imepotea bure.

#11 Turungi

Na ukungu kwenye Liu Bao? Kuna wanaosema ule wa njano ni dawa.

#12 Ghalani

Ule wa njano, punje ndogondogo kama chavua zilizotapakaa ndani ya jani, Wachina huuita maua ya dhahabu na wanautafuta. Sio dawa, ni kuvu asiye na madhara anayelainisha ladha. Ukungu mweupe wenye manyoya, wa kijani au mweusi, tupa chai. Usiifute na kuinywa.

Hifadhi: chombo cha udongo au tenga, mbali na viungo na sabuni, unyevu wa hewa usizidi asilimia 75. Mombasa, Tanga na Zanzibar mko juu ya hapo miezi mingi, kwa hiyo msiiweke wazi kama wanavyofanya wa nchi kavu. Mtungi wenye mfuniko unaobana, kagua kila mwezi wakati wa masika.

#13 UtingoWaMlima

Nimalizie na mahali kumbukumbu hii inapotendeka hasa. Mnara wa madereva na mafundi wa Nanyang uko milima ya magharibi ya Kunming tangu 1989, na iko minara mingine Malaysia, kule Ayer Itam Penang na kwenye makaburi ya Kikantoni Kuala Lumpur. Siku ya Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili, familia za Kichina husafisha makaburi na kuandika mambo ya marehemu upya kwa rangi pale ilipofifia. Mbele ya kaburi huwekwa vikombe vidogo vya chai, kwa kawaida vitatu, na pombe pembeni.

#14 PopooNaTambuu

Chai ipi inawekwa, na kiasi gani?

#15 UtingoWaMlima

Ile aliyokuwa akinywa marehemu, basi. Kwa wa Perak mara nyingi ni Liu Bao. Gramu 6 zinatosha: pika kwenye bakuli moja, mimina vikombe vyote vitatu kwa mzunguko, kidogokidogo, ili cha mwisho kisiwe kikali kuliko cha kwanza. Ikishapoa inamwagwa chini taratibu, na majani hubaki kwenye bakuli kwa ajili ya walio hai.